Ahadi ni Deni, Lakini Analipa Nani?

Katika semina zetu za viongozi wa vikundi kuna swali moja ambalo halikosi kutokea. Je, kamati ikishaweka sahihi, wanachama wanaweza kukataa? Wengine husema ahadi ni deni, kamati imetoa neno, basi neno litimizwe. Wengine husema hapana, kamati haiwezi kuahidi kitu ambacho si chake. Watu hubishana mpaka chai inapoa.

Safari hii tumeona tulieleze jambo hilo kwa habari iliyotokea mbali sana na kwetu, mwisho wa Vita Vikuu vya Pili. Ni habari ya serikali moja iliyoweka sahihi, na ya watu ambao sahihi ile iliwaangukia. Tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana itabidi kwanza tueleze maneno mawili.

Mfungwa wa vita na mzuiliwa

Wengi wetu tumepita ile barabara ya zamani inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, na tumekiona kile kikanisa kidogo kando ya barabara. Kilijengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliokuwa wameshikwa vitani na kuletwa Kenya, wakatumiwa na Waingereza kujenga barabara ile. Mtu wa namna hiyo ni mfungwa wa vita: ameshikwa na adui yake.

Sasa kuna mtu wa namna nyingine. Ni askari aliyeshindwa, akakimbia, akavuka mpaka na kuingia katika nchi ambayo haipigani na mtu yeyote. Nchi hiyo huitwa nchi isiyoegemea upande wowote. Ifanye nini na mgeni huyu? Ikimwacha atembee na bunduki yake, adui zake watasema inamsaidia. Ikimfukuza arudi alikotoka, huenda inampeleka kwenye kifo.

Mataifa yalikubaliana juu ya jambo hilo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1907. Nchi isiyoegemea upande imnyang'anye silaha, imweke kambini mbali na mapigano, impe chakula, nguo na msaada anaohitaji. Gharama italipwa amani ikirudi. Mtu huyo ndiye tunayemwita mzuiliwa. Hakupelekwa kortini wala hakuhukumiwa. Amewekwa kando tu mpaka vita viishe.

Sisi Wakenya neno kizuizini lina uchungu wake, kwa sababu ya miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Lakini kizuizi tunachosema hapa kilikusudiwa kuwa kama boma la katikati, mahali ambapo pande zote mbili haziwezi kukugusa.

Shida ni kwamba mkataba ule haukueleza vizuri jambo moja. Vita vikiisha, na yule aliyeshinda akija kubisha hodi akisema "nipeni watu wangu," mwenye boma ajibu nini?

Watu waliovuka bahari

Nchi ya Uswidi (si Uswisi, hizo ni nchi mbili) iko kaskazini mwa Ulaya. Haikupigana katika vita vile. Ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, mkabala nayo, kuna nchi tatu ndogo: Estonia, Latvia na Lithuania. Hizo zilipata taabu kubwa. Mwaka 1940 zilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti, yaani Urusi na nchi zilizokuwa chini yake. Mwaka 1941 Wajerumani walikuja wakawafukuza Warusi. Mwaka 1944 Warusi wakarudi. Kila aliyeingia alitaka vijana wa kumpigania.

Wajerumani waliwaandikisha vijana wengi wa nchi hizo katika vikosi vyao. Wako waliojiunga kwa hiari yao, na wako wengi walioandikishwa kwa lazima. Hatutaki kuwapaka watu hawa chokaa nyeupe. Baadhi ya vikosi vya Kilatvia vilivyofanya kazi chini ya Wajerumani vilihusika na mauaji ya Wayahudi. Lakini wako pia wavulana waliochukuliwa mwishoni kabisa, ambao hawakujua lolote zaidi ya njaa na baridi ya mahandaki.

Ujerumani iliposalimu amri tarehe 8 Mei 1945, kikosi cha mwisho cha Wajerumani katika sehemu hizo kilikuwa kimezingirwa magharibi mwa Latvia. Askari wengine walipata vyombo, wakavuka bahari wakafika Uswidi. Walikuwa karibu 3,000. Wengi sana walikuwa Wajerumani. Wale wa kutoka nchi tatu ndogo walikuwa wachache, hawakufika 200. Uswidi iliwanyang'anya silaha na kuwaweka kambini, kama mkataba ulivyosema.

Katika miaka ya vita raia wa kawaida pia walivuka bahari hiyo, karibu watu 30,000, wengi wao Waestonia. Walikuja na watoto na mabunda yao. Hao tutawarudia baadaye kidogo.

Sahihi ya mwezi wa Juni

Tarehe 2 Juni 1945 Umoja wa Kisovieti ulipeleka waraka kwa serikali ya Uswidi kudai askari waliokimbilia huko kutoka upande wa mashariki. Hoja yake ilikuwa hivi: katika masharti ya kusalimu amri, kila jeshi la Ujerumani lilitakiwa kujitoa kwa yule lililokuwa likipigana naye. Hawa walipigana na Warusi, basi ni wa Warusi. Kuhusu wale wa nchi tatu ndogo, Warusi walisema zaidi ya hapo: hao ni raia wetu, na wamebeba silaha dhidi ya nchi yao.

Hapo ndipo mambo ya kibalozi yalipokuwa magumu. Washindi wenyewe hawakuwa na neno moja. Mwezi wa Februari 1945, kule Yalta, Uingereza na Marekani walikubaliana na Warusi kurudishiana raia wao. Na kweli Waingereza waliwakabidhi kwa nguvu Wakosaki waliokuwa mikononi mwao huko Austria katika miezi ya Mei na Juni 1945. Lakini Marekani na Uingereza hazikukubali kamwe kisheria kwamba Estonia, Latvia na Lithuania zimekuwa mali ya Urusi. Kwa hiyo watu wa nchi hizo waliokuwa mikononi mwao hawakuhesabiwa kuwa raia wa Kisovieti. Uswidi yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizokuwa zimekubali kwamba nchi hizo tatu ni sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Ukishakubali kwamba shamba ni la fulani, ni vigumu kumkatalia mazao.

Tarehe 15 Juni 1945 baraza la mawaziri la Uswidi lilikata shauri: tutawakabidhi. Serikali ile ilikuwa ya muungano wa vyama vinne, kwa hiyo hakuna chama kikubwa ambacho kingeweza kusema baadaye "sisi hatukuwepo." Wananchi hawakuambiwa.

Kwa nini walikubali? Tujiweke mahali pao. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Mrusi alikuwa jirani mwenye nguvu kuliko wakati wowote. Uswidi nayo ilikuwa na madoa yake: kati ya 1940 na 1943 iliruhusu askari wa Kijerumani kusafiri kwa treni ndani ya nchi yake, na iliwauzia Wajerumani madini ya chuma. Washindi hawakuwa wamesahau. Kulikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha moyo mwema. Isitoshe, kila mtu alikuwa akifikiria askari wa Hitler, na nani wakati huo alikuwa na machozi ya kumwaga kwa ajili yao? Wale wachache wa nchi ndogo walizolewa pamoja na wengi. Hakuna aliyeketi nao mmoja mmoja na kuuliza: wewe ni nani, uliingiaje jeshini, ulifanya nini huko, na ukirudi utapatwa na nini?

Habari inatoka

Miezi mitano ikapita. Serikali ya muungano iliondoka mwishoni mwa Julai, ikaja serikali ya chama kimoja, waziri mkuu akiwa yule yule, Per Albin Hansson. Waziri mpya wa mambo ya nchi za nje alikuwa Östen Undén, aliyekuwa profesa wa sheria. Mwezi wa Novemba habari ikavuja. Hapo nchi nzima ikachemka. Magazeti yakaandika, watu wa makanisa wakapiga kelele, na hata baadhi ya maofisa wa jeshi waliotakiwa kusimamia kazi hiyo wakalalamika. Wazuiliwa wa nchi tatu ndogo, wengi wao wakiwa katika kambi ya Ränneslätt karibu na mji wa Eksjö, waligoma kula.

Serikali ikajikuta imebanwa kama mtu aliyeingiza mkono ndani ya mtungi akashika ngumi. Ilijibu kwamba neno lilikwisha kutolewa kwa dola kubwa, na serikali haiwezi kubadilisha neno lake kila wananchi wanapokasirika. Kumbe ni ile ile hoja tunayoisikia katika semina zetu: ahadi ni deni.

Wajerumani zaidi ya 2,000 walikabidhiwa kuanzia mwisho wa Novemba 1945. Siku hizo kambini kulikuwa na vurugu za kusikitisha, watu wakijijeruhi wenyewe makusudi ili wapelekwe hospitali wasipandishwe melini. Wale wa nchi ndogo walikuwa wamedhoofika kwa njaa, hivyo safari yao iliahirishwa. Watu wakaanza kutumaini kwamba labda jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Tarehe 25 Januari 1946, katika bandari ya Trelleborg kusini mwa Uswidi, polisi waliwapeleka mmoja mmoja katika meli ya Kisovieti iliyoitwa Beloostrov. Walikuwa 146: Walatvia 130, Waestonia 9 na Walithuania 7. Mmoja alijitoa uhai pale pale bandarini. Meli ikang'oa nanga.

Je, walipatwa na nini? Ukweli ni kwamba hawakupigwa risasi wote, kama watu wengi walivyoogopa. Waliwekwa kambini huko Latvia, na wengi waliachiliwa katika mwaka huo huo wa 1946. Lakini miaka iliyofuata baadhi yao walikamatwa tena na kuhukumiwa vifungo virefu. Walibaki watu wenye alama maishani mwao.

Na wale raia 30,000? Hao hawakurudishwa kwa nguvu. Lakini fikiria hofu yao walipoona meli ile ikiondoka. Wengine hawakuwa na amani tena, wakanunua mashua kuukuu na kuvuka bahari kubwa kwenda Kanada na Marekani.

Nchi ndogo iliyosema hapana

Katika majuma yale yale kulikuwa na kesi nyingine, na ni vizuri kuziweka pamoja. Kati ya Uswisi na Austria kuna nchi ndogo sana iitwayo Liechtenstein. Eneo lake ni kilomita za mraba 160 tu, yaani kama tarafa moja ya kwetu. Mwaka 1945 ilikuwa na watu wapatao 12,000. Jeshi haikuwa nalo tangu mwaka 1868.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1945 waliingia humo Warusi karibu 500 waliokuwa wamepigana upande wa Wajerumani, wakiongozwa na jenerali Boris Smyslovsky. Walikuwamo wanawake na watoto wawili. Hawa nao hawakuwa malaika. Liechtenstein iliwanyang'anya silaha na kuwapa mahali pa kulala.

Mwezi wa Agosti 1945 wajumbe wa Kisovieti walikuja kuwadai. Serikali, pamoja na mtawala wa nchi, Franz Josef II, haikuwafukuza wajumbe wala haikuwatukana. Iliwaacha wakutane na watu wao na kuzungumza nao. Lakini ilishikilia jambo moja: anayetaka kwenda aende, asiyetaka hatutamlazimisha. Wapatao 200 walikubali kurudi. Habari za wengi wao zilikatika. Waliobaki waliendelea kulishwa na nchi ile ndogo, na baadaye, mwaka 1947, wapatao 100 wakapata nafasi ya kuhamia Argentina. Huko Hinterschellenberg, mahali walipovukia mpaka, kuna mnara wa ukumbusho uliowekwa mwaka 1980.

Lazima tuwe waadilifu tunapolinganisha. Liechtenstein haikupakana na jeshi la Kisovieti, na Uswidi ilikuwa ikitazamana nalo ng'ambo ya maji. Hata hivyo tofauti kubwa haikuwa ukubwa wala nguvu. Liechtenstein haikutoa ahadi kabla ya watu kuulizwa. Uswidi ilitoa ahadi kwanza, na maswali yakaja baadaye, wakati jibu lilikuwa limekwisha kutiwa sahihi.

Basi, ahadi ni deni au si deni?

Sisi tunaamini ahadi ni deni. Kikundi kisichotimiza neno lake hakitapata mkopo wala rafiki. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mwenye kukopa. Serikali ya Uswidi ilipoahidi, haikuahidi ngano wala chuma. Iliahidi watu 146 ambao walikuwa wamejiweka chini ya ulinzi wake. Waliolipa deni hawakuwepo mezani lilipokopwa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Kamati ya kikundi cha maji inaitwa ofisini na mtu mkubwa. Anataka bomba lipitie mashamba ya wajane watatu. Mwenyekiti, kwa kutaka kupendeza, anasema "hakuna shida" na anatia sahihi. Anaporudi, haitishi mkutano. Miezi mitano baadaye trekta inafika. Wajane wanalia, mwenyekiti anasema: "Ningefanyaje, nilikwisha kutoa neno." Mwenyekiti huyo si lazima awe mtu mbaya. Huenda aliogopa, au hata hakuwafikiria wale wajane kabisa. Lakini shamba halikuwa lake.

Tunaona mambo matatu ya kushika. Kwanza, kabla ya sahihi, hesabu ni nani hasa waliomo ndani ya neno "wote." Pili, ahadi inayofichwa ni ahadi mgonjwa. Kama shauri la Juni lingetangazwa mwezi wa Juni, kelele zile zingekuja wakati bado kuna nafasi ya kuzungumza upya. Tatu, mtu akikosa, ahojiwe yeye kama yeye. Kama kulikuwa na wauaji kati ya wale 146, kuwapakia pamoja na wavulana walioandikishwa kwa nguvu hakukuwa haki, wala kwa wavulana wala kwa wale waliouawa.

Dunia ilijifunza kidogo. Vita vya Korea vilipokoma mwaka 1953, wafungwa zaidi ya 20,000 waliokataa kurudi kwao waliwekwa mikononi mwa tume ya nchi zisizoegemea upande, mwenyekiti wake akiwa India, wasirudishwe kwa nguvu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba huo huo unasema mtu aliyetenda makosa ya kivita hawezi kujificha ndani yake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 nao ulikataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Sisi tulio na majirani waliofika Kakuma na Dadaab tangu miaka ya 1991 na 1992 tunajua kwamba maneno haya si ya vitabuni tu.

Na Uswidi? Mwezi wa Juni 1994, miaka 48 baada ya meli ile kuondoka, iliwaalika wale waliokuwa bado hai. Walikuwa wamebaki 44, na 40 walikuja. Walipokewa na Mfalme Carl XVI Gustaf katika jumba lake. Waziri wa mambo ya nchi za nje, Margaretha af Ugglas, aliwaambia kwamba serikali inasikitika kwa dhuluma waliyotendewa. Wavulana wa 1946 walikuwa sasa wazee wenye mvi. Ni jambo jema kuomba radhi, hata kwa kuchelewa. Lakini wale wengine 102 hawakuwepo kuisikia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kamati yetu imewahi kutoa ahadi ambayo wanachama waliisikia baadaye? Ilikuwaje?

2. Katiba ya kikundi chetu inasema ni mambo gani ambayo kamati haiwezi kutia sahihi bila mkutano wa wanachama wote? Kama haisemi, tuongeze nini?

3. Mtu mwenye nguvu akitutaka tujibu "leo leo," tunaweza kumjibuje kwa heshima ili tupate muda wa kuwauliza wenyewe?

4. Ikiwa ahadi mbaya imekwisha kutolewa, ni lini inafaa kurudi na kusema "tulikosea"? Ni nani aende kusema?